Watu 14 wa Nicodemus

Sensa ya Marekani ya mwaka 2020 ilihesabu watu 14 katika kijiji cha Nicodemus, kaskazini-magharibi mwa jimbo la Kansas. Ukitokea Stockton kwa barabara kuu namba 24 kuelekea Hill City, kijiji kinakuwa mkono wako wa kushoto, na dereva mwenye haraka atakipita bila kukanyaga breki. Kuna nyumba chache zilizotawanyika, makanisa mawili ya zamani, shule isiyo na wanafunzi na ukumbi wa mawe ya chokaa. Zaidi ya hapo ni ngano na mtama hadi upeo wa macho.

Vijiji vilivyoishiwa na watu si habari mpya huku. Kaunti ya Graham, ambamo Nicodemus imo, ilikuwa na watu karibu 8,700 mwaka 1910. Mwaka 2020 walibaki 2,415. Kaunti nzima, yenye kilomita za mraba zaidi ya 2,300, ina watu wachache kuliko kata moja ya Dar es Salaam. Mashine zilichukua kazi ya mikono, mashamba madogo yakamezwa na makubwa, watoto wakaenda kusoma mijini wasirudi. Simulizi hiyo inafaa mamia ya vijiji vya Kansas, Nebraska na Dakota.

Nicodemus lakini kilianzishwa mwaka 1877 na watu weusi waliotoka utumwani. Idara ya Hifadhi za Taifa ya Marekani inakitaja kuwa ndicho kijiji pekee kilichobaki kati ya vile ambavyo watu weusi walivianzisha magharibi mwa mto Mississippi katika miaka iliyofuata Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe. Msomaji wa pwani yetu anaweza kuupima mwaka huo kwa soko la watumwa la Zanzibar, lililofungwa mwaka 1873. Miaka minne tu inawatenganisha.

Nimesoma makala nyingi zinazoitaja hiyo 14 kwa sauti ya msiba, kana kwamba kijiji kimelazwa na ndugu wanasubiri simu. Mimi naishi Wichita, mwendo wa saa tatu na nusu hivi kwa gari, na nimefika Nicodemus zaidi ya mara moja. Sioni msiba. Naona kijiji ambacho kilihesabiwa siku ambayo watu wake wengi hawakuwapo nyumbani. Ili nieleweke, inabidi nianze Kentucky.

Mwaka 1877 serikali ya Washington iliondoa askari wake wa mwisho waliokuwa wakisimamia utaratibu mpya katika majimbo ya Kusini. Kwa watu weusi walioachwa huru miaka 12 kabla, askari hao ndio waliokuwa kinga. Waliobaki nyuma walijua kinachokuja, na kwa wengi kilikuwa kimeshafika: mikataba ya kulima kwa kugawana mavuno ambayo kila mwaka iliishia kwenye deni, watu kunyongwa usiku, bunduki kwenye vituo vya kura. Kentucky, walikotoka waanzilishi wengi wa Nicodemus, haikujitenga na Muungano wakati wa vita, na kwa sababu hiyo tangazo la Rais Lincoln la mwaka 1863 la kuwaacha huru watumwa halikuwagusa watumwa wake. Utumwa ulidumu pale hadi Desemba 1865, katiba ilipobadilishwa.

Kansas ilikuwa na sifa njema masikioni mwao. Miaka ya 1850 watu waliuana huko kuamua kama jimbo litakuwa la watumwa au la watu huru. John Brown, mzungu mpinga utumwa, alipigana huko kabla ya kwenda kuvamia ghala la silaha la serikali huko Harpers Ferry, Virginia, na kunyongwa mwaka 1859. Januari 1861 Kansas ikaingia katika Muungano ikiwa jimbo lisilo na utumwa. Juu ya hayo kulikuwa na sheria ya makazi ya mwaka 1862: ukae kwenye ekari 160 za ardhi ya serikali, ulime, ujenge, na baada ya miaka mitano unapewa hati kwa ada ndogo. Mtu aliyelimia wengine maisha yake yote hahitaji maneno mengi kushawishiwa na sheria kama hiyo.

Ardhi yenyewe ilikuwa na wenyewe. Wakanza, ambao jimbo limebeba jina lao, walihamishwa kwa nguvu kwenda sehemu ambayo leo ni Oklahoma mwaka 1873. Wapawnee na Wacheyenne waliokuwa wakiwinda kwenye nyika zile walikuwa wamesukumwa mbali, na makundi ya nyati waliyoyategemea yalikuwa yakimalizwa kwa risasi katika miaka hiyohiyo ya 1870. Watu waliotoka utumwani walipata nafasi mahali ambapo wengine walikuwa wamefukuzwa. Siwezi kusimulia upande mmoja nikanyamazia mwingine, hasa kwa sababu wenyeji wale watarudi katika simulizi hii muda si mrefu.

Waliobuni kijiji walikuwa W. R. Hill, mzungu aliyetokea Indiana na mfanyabiashara wa viwanja, na W. H. Smith, mchungaji mweusi wa Tennessee, aliyekuwa mwenyekiti wa kampuni yao. Kampuni iliundwa Aprili 1877 na kuanza kutawanya matangazo kwa watu weusi, hasa wa Kentucky. Ada ya kiwanja ilikuwa dola 5. Matangazo yaliahidi ardhi yenye rutuba, maji, mji unaokua. Kuhusu jina, wengine hutaja Nikodemo wa Injili. Masimulizi yaliyoshika zaidi ni ya mtumwa aliyeitwa Nicodemus, mzaliwa wa Afrika, ambaye inasemekana aliununua uhuru wake mwenyewe.

Septemba mwaka huo kundi la watu zaidi ya 300 kutoka maeneo ya Lexington lilishuka kwenye treni katika mji mdogo wa Ellis. Kutoka pale walisafiri kilomita 56 hivi kuelekea kaskazini, wengi kwa miguu, wakiwa na watoto, wazee na mizigo, kwenye nyika isiyo na mti wa kujikinga na jua. Walipofika hapakuwa na mji. Palikuwa na nyasi, upepo, na mto Solomon wa Kusini karibu. Hasira ilikuwa kubwa kiasi kwamba, kama inavyosimuliwa hadi leo, Hill alilazimika kujificha ili asinyongwe na watu aliowaleta. Familia nyingi ziligeuza. Waliobaki walibaki ama kwa sababu nauli ya kurudia haikuwapo, ama kwa sababu walikokuwa wanarudia walikujua vizuri.

Walichimba mashimo. Hapakuwa na mbao za kujengea, kwa hiyo familia ilichagua ukingo wa mteremko, ikachimba ndani kama chumba, ikaezeka kwa matawi na kuweka juu yake udongo wenye nyasi na mizizi. Sakafu ni udongo, ukuta ni udongo, moshi unatokea kwenye tundu la juu. Mvua ikinyesha dari linadondosha matope, na nyoka wanaingia kutafuta joto. Moto uliwashwa kwa mabua ya alizeti, vijiti vya mtoni na kinyesi kikavu cha nyati. Katika shimo mojawapo, msimu ule wa kwanza, Emma Williams alijifungua mtoto wa kiume, Henry, wa kwanza kuzaliwa Nicodemus. Huwa namfikiria mama huyo kila ninapopita pale: amezaliwa mtumwa, ametembea kutoka Ellis na mimba kubwa, na anajifungua chini ya ardhi iliyo yake.

Majira ya kuchipua ya mwaka uliofuata, 1878, lilifika kundi jingine kutoka Georgetown, Kentucky, likiongozwa na mchungaji Daniel Hickman. Walikuwa wamekwama Ellis kwa surua, na baadhi ya watoto walizikwa huko njiani. Mke wake, Willianna, aliacha kumbukumbu ambayo wazawa wa Nicodemus wanaijua kwa moyo. Wanaume walipopaza sauti kwamba Nicodemus inaonekana, yeye aliangalia kwa macho yake yote asione kitu. Akauliza iko wapi. Mumewe akamwonyesha moshi uliokuwa ukifuka kutoka ardhini hapa na pale, akamwambia hiyo ndiyo Nicodemus. Willianna anasema mandhari hayakuvutia hata kidogo, akaanza kulia.

Sijui kumbukumbu nyingine ya kuhamia ugenini inayosema ukweli kwa uwazi kama hiyo. Sisi tuliohama huwa tunatuma nyumbani picha ya gari na theluji. Willianna Hickman alisimulia machozi, kisha akakaa na kulea watoto wake palepale.

Msimu wa baridi wa kwanza uliwakuta bila akiba. Walikuja wamechelewa kupanda, na vyombo vya kulimia vilikuwa vichache sana. Hadi mwaka uliofuata kijiji kizima kilikuwa na farasi watatu tu, na watu waligeuza udongo wa nyika kwa majembe na sepetu. Mtu aliyewahi kulima ardhi yenye mizizi ya nyasi za miaka na miaka anaelewa. Kilichowavusha ni misaada iliyokusanywa katika miji ya mashariki mwa Kansas na, kwa mujibu wa masimulizi yao, chakula walichopewa na Waosage, taifa jingine la wenyeji wa asili, waliokuwa wakirudi kutoka kuwinda. Waosage wenyewe walikuwa wameondolewa Kansas miaka michache tu nyuma. Watu walionyang'anywa ardhi waliwapa nyama watu walioletwa kuikalia, na bila nyama hiyo huenda kusingekuwa na kijiji cha kuandikia makala.

Baada ya hapo mambo yalikwenda kwa kasi. Mwaka 1879 wanakijiji walikuwa wameshaivunja kampuni iliyowaleta na kujiongoza wenyewe. Jenny Fletcher alikuwa akifundisha watoto shimoni. Mumewe Zachary alikuwa mkuu wa posta na akafungua hoteli ya St. Francis, ambayo jengo lake bado limesimama. Kufikia mwaka 1887 kulikuwa na maduka, benki, makanisa, shule, daktari, timu ya besiboli, na magazeti mawili, Western Cyclone lililoanza 1886 na Enterprise lililoanza 1887. Idadi inayotajwa zaidi kwa kilele hicho, ukijumlisha na mashamba ya jirani, ni watu 700 hivi.

Kati yao alikuwemo Edward McCabe, kijana mzaliwa wa Troy, New York, aliyefanya kazi Chicago kabla ya kufika Nicodemus mwaka 1878. Kaunti ya Graham ilipoundwa aliteuliwa kuwa karani wake. Mwaka 1882 wapiga kura wa Kansas, ambao kwa sehemu kubwa walikuwa wazungu, walimchagua kuwa mkaguzi wa hesabu wa jimbo, na mwaka 1884 wakamrudisha. Hakuna mtu mweusi aliyekuwa amewahi kushinda uchaguzi wa jimbo zima nje ya Kusini. Kijiji kilichoanza kama moshi kutoka ardhini kilikuwa kimemtoa mtunza hesabu wa serikali ndani ya miaka mitano. Baadaye McCabe alikwenda Oklahoma akaanzisha mji wa Langston, na huko ni habari nyingine ndefu.

Kisha reli.

Kwenye nyika za Kansas, mwisho wa karne ya 19, reli ndiyo iliyoamua mji upi uishi. Ngano isiyo na kituo cha treni ilibidi ibebwe kwa gari la farasi siku nzima, na faida ikaishia njiani. Kampuni za reli zilijua hilo na ziliitumia njaa hiyo: miji ilishindanishwa kutoa pesa. Mwaka 1887 wapiga kura wa Nicodemus walipitisha hati fungani za dola 16,000 ili kuivuta Missouri Pacific. Fikiria ni pesa kiasi gani kwa watu ambao miaka kumi kabla waliishi shimoni. Viwanja vilipanda bei. Watu wakafungua biashara mpya kwa kutegemea treni.

Treni haikuja. Mwaka 1888 Union Pacific ndiyo iliyoweka reli, upande wa pili wa mto, kilomita chache kusini-magharibi, mahali palipokuja kuitwa Bogue. Wafanyabiashara wakahamia huko mmoja baada ya mwingine, wengine wakiyaburuta hata majengo yao kuvuka mto. Gazeti la Cyclone, ambalo lilikuwa limepigia debe reli kila toleo, lilifungwa mwaka huohuo.

Wengi wanaosimulia Nicodemus huishia hapa, kwamba reli ilikiua kijiji. Mimi napenda kuwauliza Bogue ina watu wangapi leo. Ina watu kama 150. Ilipata reli, ikapata maduka ya jirani yake, na bado ikafuata njia ileile ya kaunti nzima. Reli ilikiondolea Nicodemus duka na benki. Haikuwaondolea wakulima hati zao, na wakulima ndio waliobaki. Waliendelea kuvuna ngano, kuoana, kugombana kuhusu siasa za kanisa na kurithishana ekari kwa miaka 40 zaidi. Anayesema kijiji kilikufa 1888 anahesabu madirisha ya maduka na kusahau mashamba.

Kilichowapunguza kweli ni miaka ya 1930. Ukame, vumbi lililofunika jua mchana, na bei ya ngano iliyoporomoka viliungana. Kaunti ya Graham iko karibu na mstari ambao magharibi yake mvua hupungua kiasi cha kufanya kilimo kuwa kamari, na nyasi zilizokuwa zikishika udongo zilikuwa zimelimwa. Kufikia 1935 kijijini walibaki watu 76. Mradi wa serikali wa kuwapa watu kazi uliwajengea ukumbi wa mawe ya chokaa mwaka 1939, ule unaouona kutoka barabarani. Vita vikafuata, viwanda vya Denver, Kansas City na California vikahitaji mikono, na vijana wakaondoka. Mwaka 1950 waliohesabiwa ni 16. Posta ilifungwa 1953.

Angalia vizuri namba hizo mbili: 16 mwaka 1950, na 14 mwaka 2020. Miaka 70 imepita. Katika miaka hiyo kaunti imepoteza zaidi ya nusu ya watu wake. Nicodemus imebaki palepale. Kama ni mgonjwa mahututi, basi ana roho ngumu.

Maelezo yake utayakuta ukienda wikiendi ya mwisho ya Julai. Tangu miaka ya mwanzo kabisa wanakijiji waliadhimisha siku ya uhuru, na siku waliyoichagua ilikuwa tarehe 1 Agosti, siku ambayo mwaka 1834 sheria ya kukomesha utumwa ilianza kutumika katika makoloni ya Uingereza, visiwa vya Karibi vikiwemo. Watu waliotoka Kentucky, katikati ya nyika za Kansas, walisherehekea uhuru wa watu wa Jamaika na Barbados kama wao. Kulikuwa na nyama choma, besiboli na hotuba chini ya miti ya mtoni. Watu walipohama, sherehe ikageuka siku ya kurudi nyumbani. Leo mamia ya wazawa hufika kutoka kila upande wa Marekani, wajukuu na vitukuu wa akina Switzer, Bates, Alexander, Williams na wengineo. Kuna maandamano ya mtaani, kwaya, ibada ya Jumapili, wazee wamekaa kwenye viti vya kukunja chini ya maturubai, na watoto wa mjini wanaopiga kelele wakimwona panzi.

Mwaka niliokwenda, bibi mmoja mwenye kofia pana ya majani aliniita mezani kwake kabla sijamsalimia. Hakuniuliza nafanya kazi gani wala ninaishi wapi. Aliniuliza, "Mwanangu, wewe ni wa nani?" Nilipomwambia mimi si wa ukoo wowote wa pale, kwamba nimetoka Tanzania, alinyamaza kidogo, akavuta kiti, akaniambia nikae hapohapo mpaka apatikane mtu wa kunizungusha. Dada mmoja wa rika langu alinipeleka makaburini akinitajia nani ni nani, nani alioa kwa nani, nani alikorofishana na nani. Yeye mwenyewe hajawahi kuishi Nicodemus hata siku moja. Amezaliwa Denver, mama yake pia. Lakini alisema "nyumbani" kila mara akimaanisha pale, na alijua kaburi la mama wa babu yake lilipo bila kutafuta.

Mimi ni wa Marangu. Nenda Marangu, Machame au Rombo mwezi Machi na utakuta migomba, bibi na babu, na nyumba nzuri zilizofungwa milango. Nenda tarehe 24 Desemba na hutapata pa kuegesha gari. Hakuna Mchagga atakayekubali umwambie kijiji chake ni wale waliolala pale usiku wa sensa. Ndivyo nilivyoielewa Nicodemus, na ndiyo sababu sikubaliani na wanaoiandikia tanzia. Marekani huhesabu mtu mahali anapolala kwa kawaida, na kwa kupanga shule na hospitali hesabu hiyo ni sahihi. Haikuundwa kuona kitu ambacho yule dada wa Denver alinionyesha.

Kurudi huko hakukutokea kwenyewe. Kuna watu waliolihangaikia jambo hilo. Mwaka 1976 kijiji kilipewa hadhi ya alama ya kihistoria ya taifa. Mwanahistoria Angela Bates, mzawa wa familia za waanzilishi, alianzisha chama cha historia cha Nicodemus na kupigania kijiji kiwe chini ya Idara ya Hifadhi za Taifa. Seneta Bob Dole, mwana wa Kansas, aliunga mkono, na Novemba 1996 ikawa sheria. Majengo matano ndiyo yanayohesabiwa: kanisa la AME (la Wamethodisti weusi) la mwaka 1885, kanisa la Kibaptisti la mwaka 1907, hoteli ya Fletcher, shule ya mwaka 1918 na ukumbi wa 1939. Na kuna watu ambao walirudi kwa miili yao. Baadhi ya wastaafu wamekuja kumalizia siku zao huko. Veryl Switzer, aliyezaliwa Nicodemus mwaka 1932 na kuchaguliwa wa nne nchi nzima na Green Bay Packers, timu ya mpira wa Kimarekani, mwaka 1954, alifanya kazi miaka mingi katika chuo kikuu cha jimbo huku akiendelea kushikilia shamba la ukoo wake hadi alipofariki mwaka 2022.

Shamba ndilo jambo linalonitia hofu kuliko idadi ya watu. Mwaka 1920 Marekani ilikuwa na wakulima weusi karibu 926,000. Leo ni chini ya asilimia 2 ya wakulima wote. Mikopo ya serikali iliyonyimwa au kucheleweshwa hadi msimu ukapita ilichangia kwa kiasi kikubwa, na mwaka 1999 kesi ya wakulima weusi dhidi ya Wizara ya Kilimo ilimalizika kwa serikali kukubali kulipa fidia. Kwa wengi fidia ilikuta ardhi imeshauzwa. Nicodemus nako waliobaki wakilima wenyewe wanahesabika kwa vidole, na ekari nyingi za wazawa zimekodishwa kwa majirani wenye mashine kubwa. Mzee akifariki, warithi wanakuwa kumi na wawili katika majimbo saba, na mmoja wao akitaka pesa yake, shamba zima linaweza kupigwa mnada. Nchi yetu ya migomba inaijua shida hiyo vilevile.

Wamejaribu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 wakulima weusi wa eneo hilo walipanda teff, nafaka ya injera ya Ethiopia, wakitazama soko la Wahabeshi wa mijini. Inastahimili ukame, na punje zake ni ndogo kuliko ulezi. Haikugeuza uchumi wa kijiji, lakini nafurahi kila nikikumbuka kwamba nafaka ya Afrika Mashariki iliota kwenye udongo uliogeuzwa kwanza kwa jembe la mkono na watu wale. Ningependa wazawa, hasa wenye kipato, waunganishe ekari zao chini ya dhamana moja ya ukoo kabla ya mnada mwingine. Nilimwambia yule dada wa Denver. Alisema wameanza kuzungumza, na kwamba wajomba ndio wagumu.

Ninyi mlioko Kansas City au Denver, ni mwendo wa saa nne na nusu hadi tano kwa gari kutoka pande zote mbili. Hakuna kiingilio. Chakula cha sherehe kinatosha hata mgeni, lakini kijijini hakuna duka wala kituo cha mafuta, kwa hiyo jazeni tangi Stockton au Hill City, mbebe maji na viti vyenu.